Soma Kwanza, Ndipo Utazame: Mwongozo Kamili wa Filamu Kongwe za Krismasi na Hadithi Zilizozizaa

Mwaka wa kwanza nilipowakusanya wapwa zangu sebuleni nikawawekea filamu ya Scrooge ya mwaka 1951, hata robo saa haikupita. Mkubwa aliomba simu, wa kati akasinzia, na mdogo akaniuliza, "Mjomba, mbona kwao hakuna rangi?" Filamu haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyewatupa katika mji wasioujua, kwa lugha wasiyoifuata vizuri, mbele ya mzee mkali ambaye hawakuwa na sababu ya kujali habari zake. Mwaka uliofuata nilizima luninga, nikawasimulia kisa kizima kwa Kiswahili siku tano mfululizo. Filamu ilipofika zamu yake, walikuwa wakimngoja mzimu wa Marley, mshirika wa biashara wa Scrooge, kama watu wanaomngoja mgeni aliyetuma salamu mapema.

Tangu hapo sijabadili utaratibu: hadithi kwanza, filamu baadaye, na baada ya filamu tunatafuta kilichoongezwa na kilichoachwa. Nimegundua pia jambo ambalo sikulitarajia. Ukiondoa theluji na nyimbo, hadithi zilizo nyuma ya filamu hizi zimejaa habari za deni, za bili zisizolipika na za watu waliokaa ukingoni. Kwa sababu hiyo zinaingia moyoni mwa mtu wa kwetu kuliko mapambo yake yanavyodokeza.

Hatua ya 1: Chagua jozi, kisha hesabu siku

Usichague filamu peke yake. Chagua hadithi pamoja na filamu yake. Kwa nyumba yenye watoto na wazee, jozi nne zinatosha: A Christmas Carol ya Charles Dickens na mojawapo ya filamu zake, The Greatest Gift ya Philip Van Doren Stern na filamu ya It's a Wonderful Life, Rudolph wa Robert L. May na filamu ya vikaragosi ya 1964. Na The Snowman ya Raymond Briggs na katuni yake ya 1982.

Dickens anataka jioni tano za kusimuliwa na moja ya kutazama. Stern anataka mbili, na ile ya filamu iwe siku ambayo hakuna anayeamka alfajiri, maana It's a Wonderful Life ina saa mbili na dakika kumi. Rudolph na Snowman kila mmoja anamalizika kwa jioni moja, kusoma na kutazama. Jumla ni jioni kumi. Ukianza tarehe 15 Desemba utamaliza mkesha wa Krismasi bila kuruka siku. Kama kuna mazoezi ya kwaya, anza tarehe 11 au 12. Na kama ninyi ni watu wa kwenda nyumbani kila Desemba, kama familia nyingi za Kilimanjaro, mmalize Dickens kabla ya kupanda basi. Njiani hadithi hukatika.

Angalizo: si kila kitabu kilitangulia filamu yake. Miracle on 34th Street ya 1947 ilianza kama wazo la Valentine Davies kwa ajili ya senema, na wazo hilo likampa tuzo ya Oscar. Kitabu chake kilitoka mwaka huohuo, sambamba na filamu. Ni filamu nzuri, na Edmund Gwenn aliyecheza mzee Kris alistahili Oscar yake, lakini zoezi letu la kulinganisha halina nguvu hapo. Grinch wa Dr. Seuss, kiumbe anayeichukia Krismasi, anafaa ukibakiwa na jioni moja. Kitabu ni cha 1957, katuni ya 1966 haifiki nusu saa, na watoto hufurahi kugundua kwamba kitabuni Grinch si wa kijani. Kijani walimpaka watu wa katuni, chini ya Chuck Jones.

Hatua ya 2: Pata maandishi mapema

Dickens alifariki mwaka 1870, kwa hiyo maandishi yake ni mali ya wote. Utayapata bure katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, na kuyapakua kwenye simu. Kisa cha Stern bado kina mwenyewe, lakini kinauzwa kama kijitabu au kitabu cha kielektroniki. Rudolph na Snowman watafute dukani, maktabani, au kwa rafiki mwenye watoto. Filamu nazo zipakue au ununue diski wiki mbili kabla. Umeme ukikatika jioni ya hadithi hakuna kinachoharibika, ila jioni ya filamu uwe na kompyuta iliyojaa chaji.

Usisome Kiingereza cha Dickens neno kwa neno. Yeye mwenyewe hakufanya hivyo. Kuanzia mwaka 1853, mjini Birmingham, alikuwa akisimama mbele ya watu na kuwasomea kitabu hiki, na kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kukikata. Nakala aliyosomea, yenye mistari iliyofutwa kwa mkono wake, imehifadhiwa katika New York Public Library. Kwa hiyo nawe soma sura mchana, andika mambo saba au manane kwenye karatasi, na jioni simulia kwa mdomo wako.

Hatua ya 3: Amua maneno yako kabla hujafungua mdomo

Hapa ndipo nilipopata shida kubwa, na ndipo penye utamu pia. Kiingereza kina neno moja kwa Marley aliyekufa na kwa wale watatu wanaomfuata kumtembelea Scrooge usiku. Sisi hatuwezi kuwafunga katika fungu moja. Marley ni mtu aliyeishi, akafa, akarudi. Huyo ni mzimu, na kila mtoto anaelewa mara moja. Wale watatu hawakuwahi kuwa watu. Ukiwaita pepo, bibi aliyekaa pembeni ataanza kuwaza habari za kupunga. Ukiwaita roho, watoto wa Kikristo watamfikiria Roho Mtakatifu. Mimi huwaita wajumbe: Mjumbe wa Krismasi Zilizopita, wa Krismasi ya Leo, na wa Krismasi Zijazo. Neno linatosha, kwa kuwa kazi yao ni kumpeleka mtu akaone.

Lile neno maarufu la Scrooge la kuikana Krismasi, "Humbug", mimi hulitafsiri "Porojo!" Linabeba dharau na shutuma ya udanganyifu kwa pamoja, na watoto watalipiga kelele kabla yako. Chunga pia ndege wawili. Mlo wa familia ya Bob Cratchit, karani wa Scrooge, ni bata bukini, na zawadi ya Scrooge siku ya mwisho ni bata mzinga. Ukiwachanganya, unapoteza tofauti aliyoikusudia mwandishi: yule wa kwanza waligawana wote kwa hesabu, wa pili ni mkubwa hata ikabidi akodiwe gari la farasi.

Hatua ya 4: Msimulie Dickens kwa jioni tano

Anza na mtu kabla ya kitabu. Mwaka 1824 baba yake Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa sababu ya deni. Charles alikuwa na miaka 12. Mama na wadogo zake wakahamia gerezani kuishi na baba, naye akabaki nje akibandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu kiwandani. Aliificha habari hiyo karibu maisha yake yote.

Mwaka 1843 akiwa mwandishi maarufu alitembelea shule ya watoto maskini ya Field Lane na akasoma ripoti ya Bunge kuhusu watoto walioajiriwa migodini na viwandani. Alikuwa pia na shida yake ya mfukoni: riwaya aliyokuwa akiitoa kwa sehemu ilikuwa haiuziki alivyotarajia, na mkewe alikuwa na mimba ya mtoto wa tano. Aliandika kwa takribani wiki sita. Kitabu kikatoka tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Kilikuwa na jalada zuri na picha za rangi alizozisimamia mwenyewe, kwa hiyo faida ikawa ndogo sana. Alitegemea pauni 1,000, akapata 230. Mwezi uliofuata wachapishaji fulani walikiiba. Akawashtaki, akashinda, wao wakatangaza kufilisika, na gharama za kesi, pauni 700, zikamwangukia yeye. Bei ya nakala moja ilikuwa shilingi 5, na Bob Cratchit kitabuni analipwa shilingi 15 kwa wiki. Waambie wasikilizaji wapige hesabu wenyewe: kununua kitabu kinachomhusu kungemgharimu Bob theluthi ya mshahara wake wa wiki.

Kitabu kina sehemu tano, naye aliziita beti kwa sababu kichwa chake kinasema ni wimbo. Ubeti mmoja kwa jioni moja unakwenda vizuri. Ubeti wa kwanza, Scrooge ofisini na mzimu wa Marley aliyefungwa minyororo ya masanduku ya fedha na daftari za hesabu, usimulie taa ikiwa imepunguzwa. Wa pili ni wa majonzi, usiukimbize. Wa tatu una karamu ya kina Cratchit, na hapo waeleze kwamba bata wao aliokwa kwa muoka mikate, kwa kuwa nyumba za maskini wa London hazikuwa na oveni. Aliyewahi kubeba sinia la keki kwenda kuoka kwa jirani hahitaji maelezo zaidi.

Ubeti wa nne una kisa kifupi ambacho filamu nyingi hukiruka, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Scrooge amemwona maiti asiyeliliwa na mtu, akaomba aonyeshwe japo mmoja aliyeguswa na kifo kile. Anapelekwa kwa mke na mume vijana wanaodaiwa. Mume anarudi na habari: mdai wao amekufa. Mke, Caroline, anashukuru, kisha papo hapo anaomba asamehewe kwa kushukuru. Hadi deni lihamie kwa mtu mwingine, fedha zitakuwa zimepatikana, na hata zisipopatikana, hakuna mdai mkali kama yule. Usiku ule wanalala na moyo mwepesi. Kwa watu wanaoijua mikopo ya kausha damu, hapo panahitaji kimya kidogo. Dada yangu alikuwa jikoni anaosha vyombo nilipofika hapo. Maji yakaacha kusikika.

Ubeti wa tano mwachie mtoto mkubwa asimulie. Atakuwa ameshalijua jambo.

Hatua ya 5: Chagua toleo linalowafaa

Kitabu hiki kimetengenezewa filamu tangu mwaka 1901, na chache tu zinastahili jioni yako. Kwa watu wazima na watoto kuanzia miaka kumi hivi, chukua ile ya 1951 ya mwongozaji Brian Desmond Hurst, ambamo Alastair Sim ni Scrooge. Uso wake unafanya kazi ambayo maneno hayawezi. Kwa wadogo chukua The Muppet Christmas Carol ya 1992. Usiidharau kwa sababu ya vikaragosi: Michael Caine amecheza Scrooge kwa uzito wote, na kwa kuwa kikaragosi Gonzo anajifanya Dickens anayesimulia, sentensi nyingi za kitabu zimebaki. Ile ya 1984 ya George C. Scott ilipigwa mjini Shrewsbury, na jiwe la kaburi la Scrooge lililotengenezwa kwa ajili ya filamu liliachwa katika uwanja wa kanisa la St Chad.

Wape watazamaji kazi ya kuwinda tofauti. Katika filamu ya 1992 Marley wamekuwa ndugu wawili, na wale watoto wawili wakondefu, Ujinga na Uhitaji, waliofichwa chini ya joho la mjumbe wa pili, hawamo kabisa. Katika ya 1951 kuna bwana Jorkin ambaye Dickens hakumwandika, anayemvuta Scrooge kijana kutoka kwa tajiri wake mwema. Kuna pia dada yake Scrooge anayekata roho akiomba mwanawe atunzwe, na Scrooge ametoka chumbani kabla hajasikia. Waulize kwa nini waliongeza hayo. Jibu langu ni kwamba Dickens alitaka kujua kama mtu anaweza kubadilika, na watu wa 1951 walitaka kujua aliharibikaje.

Hatua ya 6: Muweke msimulizi pembeni

Ufundi huu tunao wenyewe. Vibanda umiza vya Dar es Salaam vilijaa kwa sababu ya sauti za wasimulizi kama Lufufu, na Kenya DJ Afro amefanya filamu za kigeni zieleweke vijiweni. Chagua mtu mmoja mwenye sauti tulivu, mpe rimoti. Asitafsiri kila neno. Kabla ya onyesho jipya aseme sentensi mbili au tatu, kisha awaachie waigizaji. Kukiwa na wimbo anyamaze. Mtu akilia kwenye kioo, anyamaze zaidi.

Hatua ya 7: Stern na Capra, jioni mbili za watu wazima

Mwaka 1938 Philip Van Doren Stern, mwandishi wa historia wa Marekani, alipata wazo la hadithi akiwa ananyoa ndevu. Aliimaliza mwaka 1943, akaipeleka kwa wachapishaji, wote wakaikataa. Hakuitupa. Alichapisha nakala 200 kwa fedha zake na kuwatumia rafiki zake badala ya kadi za Krismasi. Nakala ikafika Hollywood, na studio ya RKO ikanunua haki kwa dola 10,000. Baadaye ikawa mikononi mwa mwongozaji Frank Capra.

Hadithi yenyewe ni fupi, nusu saa inatosha. George Pratt, mfanyakazi wa benki aliyechoshwa na maisha ya mji mdogo, amesimama darajani akitamani asingezaliwa. Mzee mfupi asiyejulikana anamkubalia ombi lake, anampa mkoba wa brashi ili ajifanye mchuuzi, na George anabisha hodi kwenye nyumba za watu wake mwenyewe, ambao hawamjui.

Sasa sikiliza kilichoongezwa. Katika hadithi hakuna mjomba anayepoteza fedha, hakuna tajiri mkali Potter, hakuna chama cha akiba na mikopo. Vyote viliingizwa na Capra na waandishi wake katika filamu ya 1946. Katika filamu George ni wa ukoo wa Bailey, na chombo cha kina Bailey waelezee watu kwa neno moja: SACCOS. Wanachama wanaweka akiba, wanakopeshana kujenga nyumba. Siku ya harusi ya George wanachama wanajazana mlangoni wakitaka fedha zao, na yeye anawaonyesha kwamba fedha hazimo kwenye sefu, zimo ndani ya nyumba za majirani zao. Anawalipa kidogo kidogo kwa dola 2,000 zake za fungate, na jioni zimebaki dola mbili. Simamisha filamu hapo. Mama mkubwa wangu, mweka hazina wa kikundi chake kwa miaka mingi, alizungumza dakika ishirini na hakuna aliyemkatiza.

Dola 8,000 anazozipoteza mjomba Billy zinaishia mikononi mwa Potter, tajiri mzee wa mji. Hazirudishi, wala hakamatwi. Watoto hukasirika sana. Waambie basi kwamba Lionel Barrymore, aliyemcheza Potter, alikuwa sauti ya Scrooge katika redio za Marekani Krismasi baada ya Krismasi. Watu wa 1946 walipomwona Potter walikuwa wanamjua: ni Scrooge ambaye hakutembelewa na mtu usiku. Na mchango wa majirani mwishoni hauhitaji tafsiri Afrika Mashariki nzima.

Kuna mawili ya kusimulia wakati watu wanakunywa chai. Filamu ilipigwa kiangazi, na theluji ile ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji. Zamani studio zilitumia nafaka za kifungua kinywa zilizopakwa rangi nyeupe, zikawa zinapiga kelele zikikanyagwa. Jingine ni kwamba filamu haikurudisha fedha vizuri ilipotoka. Mwaka 1974 wenye haki hawakuihuisha hakimiliki, vituo vya televisheni vikaionyesha bure mwaka baada ya mwaka, na hivyo ndivyo Wamarekani walivyoipenda. Mwaka 1993 kampuni ya Republic Pictures ilidai tena umiliki, ikiegemea haki za muziki na haki za ile hadithi ya Stern. Kijitabu kilichokataliwa na wachapishaji ndicho kilichoishika filamu.

Hatua ya 8: Rudolph kwa wadogo

Mapema mwaka 1939 duka kubwa la Montgomery Ward, Chicago, lilimwagiza mfanyakazi wake Robert L. May aandike kijitabu cha kugawia wateja wakati wa Krismasi. Mke wake alikuwa na saratani, na madeni ya matibabu yalikuwa yamewalemea. Alifariki Julai. Bosi akajitolea kumwondolea kazi ile, May akakataa, akaimaliza Agosti. Mwaka huo ziligawiwa nakala milioni 2.4, lakini yeye alikuwa mwajiriwa tu, hakuwa na haki juu yake. Mwaka 1947 kampuni ikamkabidhi hakimiliki. Shemeji yake Johnny Marks akatunga wimbo, Gene Autry akauimba mwaka 1949, na filamu ya vikaragosi ikafuata 1964, vikaragosi vyenyewe vikichezeshwa Japani.

Soma kijitabu kwa mapigo, kwa kuwa ni mashairi, hata kama unatafsiri papo kwa papo. Eleza tu kwamba Rudolph ni mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za barafu, anayevuta gari lisilo na magurudumu. Kitabuni Santa hamjui. Anamkuta amelala akiwa anapeleka zawadi nyumbani kwao, pua yake ikimulika chumba. Kwenye filamu ni mtoto wa kundi la Santa na anakataliwa na wakubwa wake mwenyewe, jambo linalouma zaidi. Kisiwa cha vitu vya kuchezea vilivyokataliwa ni nyongeza ya filamu. Watazamaji wa 1964 walilalamika kwamba vitu vile vimeahidiwa kuokolewa na havikuokolewa, na mwaka uliofuata onyesho la kuviokoa likaongezwa.

Hatua ya 9: Mkesha, bila neno

Jioni ya mwisho msimulizi apumzike. The Snowman ya 1978 ni kitabu cha picha tupu, na katuni iliyoonyeshwa Uingereza tarehe 26 Desemba 1982 haina mazungumzo, ina muziki wa Howard Blake na wimbo mmoja. Wakalishe watoto wakizunguka kitabu, kila mmoja ageuze ukurasa kwa zamu, na mtoto asiyejua kusoma ndiye aanze. Mvulana anafinyanga mtu wa theluji, usiku anakuwa hai, wanaruka pamoja, asubuhi ameyeyuka. Briggs aliichora miaka michache baada ya kuwazika wazazi wake wote wawili na mkewe. Kitabuni hakuna Krismasi kabisa: hakuna mti, hakuna Baba Krismasi, hakuna zawadi. Vyote viliongezwa na katuni, pamoja na skafu ambayo mvulana anapewa kule kwa Baba Krismasi.

Tazameni taa zikiwa zimezimwa. Mwishoni mvulana anatia mkono mfukoni, anaikuta ile skafu, na anapiga magoti penye theluji iliyoyeyuka. Mpwa wangu mdogo, yule aliyeniuliza habari za rangi, alifungua tena kitabu ukurasa wa mwisho kuhakikisha kwamba humo skafu haipo. Kisha akaniomba tuirudie katuni, tukairudia.